Kinachokwamisha majaribio ya metali, asidi na chumvi

Mwanafunzi akishakariri mfululizo wa metali, potasiamu juu kabisa na dhahabu chini kabisa, huingia maabara akitarajia kila kitu kitafuata orodha. Anatia kipande cha alumini kwenye asidi, anasubiri, haoni kitu. Anatia risasi kwenye asidi ya salfuriki, vinatoka viputo vichache kisha kimya. Anaandika "hakuna mmenyuko" na kuanza kuitilia shaka orodha yenyewe. Orodha haina kosa. Mfululizo unaeleza jinsi metali ilivyo tayari kumenyuka; uso wa metali ndio unaoamua kama asidi itaifikia. Kwa uzoefu wangu, majaribio mengi ya sura ya metali, asidi na chumvi huharibikia hapo, kwenye tabaka jembamba la juu ambalo kitabu hulitaja kwa sentensi moja na kupita.

Mpangilio, kwa anayeanza, ni huu: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, bati, risasi, haidrojeni, shaba, zebaki, fedha, dhahabu. Haidrojeni si metali. Imewekwa humo kama mpaka: zilizo juu yake huifukuza kutoka kwenye asidi za kawaida, zilizo chini haziwezi. Kuukariri kwa wimbo si vibaya, lakini historia huushikilia kichwani vizuri zaidi. Dhahabu na shaba binadamu amezitumia kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa hupatikana ardhini zikiwa peke yake, au, kwa shaba, hutolewa kwenye mawe yake kwa moto wa makaa. Sodiamu na potasiamu hakuna aliyezitenga mpaka mwaka 1807, Humphry Davy alipotumia umeme jijini London. Alumini ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1825 na Hans Christian Ørsted, ikabaki kuwa metali ya gharama hadi baada ya mwaka 1886, pale Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipopata, kila mmoja kivyake, njia ya kuitoa kwa umeme kwa wingi. Metali inayomenyuka upesi ndiyo inayong'ang'ania wenzake kwa nguvu, na ndiyo iliyochelewa kuonekana ikiwa peke yake.

Tuanze na maji. Sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta, na hata hivyo kipande unachokitoa kina ganda la kijivu. Kikate kwa kisu kikavu juu ya kigae kikavu: uso wa ndani unang'aa, na ukiutazama bila kupepesa utauona ukififia huku unautazama. Hiyo ni hewa na unyevu wake vikifanya kazi, na inafaa kila mwanafunzi aione kabla hajaona maji. Kipande kisizidi milimita 3 au 4 kila upande, kifutwe mafuta kwa karatasi ya kuchujia, kitupwe kwenye beseni pana lenye maji, si kwenye bika nyembamba, na kati ya beseni na nyuso za watu pawe na kioo cha kinga. Kitaelea kwa sababu ni chepesi kuliko maji, kitayeyuka kuwa tufe kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 98 tu za Selsiasi, na kitakimbia huku na huku kikisukumwa na haidrojeni yake chenyewe. Hatari huja kikigandama ukingoni: joto hukusanyika mahali pamoja, haidrojeni hushika moto, na mara nyingine matone ya haidroksaidi ya moto huruka. Potasiamu haisubiri kugandama, huwaka yenyewe kwa mwali wa zambarau hafifu.

Kalsiamu ni salama zaidi, na hutoa somo ambalo wengi hulipita. Huzama kwanza, kisha viputo huibeba juu, na maji huwa meupe kama yaliyotiwa chaki. Weupe huo ni haidroksaidi ya kalsiamu iliyokosa nafasi ya kuyeyuka, maana lita moja ya maji hubeba chini ya gramu 2 tu za haidroksaidi hiyo. Usiyamwage. Yachuje yawe maangavu, yafunge kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni, na umepata maji ya chokaa ya kupimia kabonidayoksaidi. Chupa ikiachwa wazi hufanya utando mweupe juu kwa kunyonya kabonidayoksaidi ya hewani, na siku ya kuitumia haitafanya kazi.

Kwenye asidi anza na magnesiamu, lakini usianze bila msasa. Utepe uliokaa muda mrefu una rangi ya kijivu kilichofifia, nayo ni oksaidi. Sugua pande zote mbili hadi ung'ae. Utepe wa sentimita 2 ndani ya mililita 5 za asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) huanza kutoa viputo mara moja. Ambao haukusuguliwa husita kwanza, na kama unawapimia wanafunzi kasi ya mmenyuko, kusita huko kunaharibu kila namba inayofuata. Ukitaka kupima ujazo wa gesi, gramu 0.08 za magnesiamu ndani ya mililita 20 za asidi hiyo hiyo hutoa karibu mililita 80 za haidrojeni kwenye joto la kawaida la chumba, na sirinji ya gesi ya mililita 100 inatosha. Wanaopata 65 karibu kila mara walichelewa kufunga kizibo. Dawa yake ni kuuning'iniza utepe kwa uzi ndani ya flaski, kufunga kizibo, kisha kuinamisha flaski ili asidi iufikie.

Kipimo cha haidrojeni nacho hukosewa kwa sababu ndogo. Gesi hii ni nyepesi mno, hivyo ukiinua testi tyubu na kusubiri, imekwishaondoka. Ziba mdomo kwa kidole gumba, bila kukaza, hadi uhisi kidole kinasukumwa. Sogeza njiti inayowaka, ondoa kidole. Mlio mkali wa "pap" hutokana na haidrojeni iliyochanganyika na hewa. Ikiwa safi kabisa huungua kimya kimya mdomoni mwa tyubu, na mwanafunzi asiyesikia mlio huandika kwamba hakuna gesi ilhali tyubu imejaa.

Alumini ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa kuwa ganda lake la oksaidi ni jembamba sana, unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita moja, lakini halina mwanya na hujiziba upya papo hapo ukilikwaruza hewani. Ndiyo maana msasa haukusaidii kama ulivyokusaidia kwa magnesiamu. Tia kipande cha karatasi ya alumini, sentimita 1 kwa 1, kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 2 kwa lita. Dakika za mwanzo ni kama hakuna kinachotokea. Hapo ndipo asiye na subira huongeza asidi, au huongeza alumini, au hupasha moto, na hapo ndipo mambo huharibika: ganda likishatoboka, mmenyuko hupamba moto kwa ghafla, joto hupanda, joto huongeza kasi, na tyubu hufurika povu la asidi ya moto. Tumia kipande kimoja, mililita 5 za asidi, tyubu isimame ndani ya bika, isiwe mkononi mwa mtu, kisha subiri.

Kuna jaribio moja linaloonyesha ganda hili kuliko maelezo yoyote. Chukua tyubu mbili zenye salfeti ya shaba na utie karatasi ya alumini kwenye kila moja. Zote zitakaa tu, ingawa alumini iko juu sana ya shaba. Sasa tia kijiko kidogo cha chumvi ya mezani kwenye moja na kutikisa. Ayoni za kloraidi, yaani chembe zenye chaji zilizomo kwenye chumvi hiyo, hutoboa ganda la oksaidi, na baada ya muda mfupi metali huanza kuliwa, shaba nyekundu-kahawia hujitokeza na tyubu hupata moto mkononi. Nyingine bado imetulia. Haidroksaidi ya sodiamu nayo hulila ganda hilo, kwa kuwa oksaidi ya alumini huyeyuka kwenye asidi na kwenye alkali pia, na ikishaliondoa huendelea na metali yenyewe na kutoa haidrojeni. Ndiyo sababu mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu hauwekwi kamwe kwenye chombo cha alumini.

Zinki ina tabia tofauti. Ikiwa safi sana humenyuka polepole hata bila ganda la kuzuia, kwa sababu haidrojeni haitoki kwa urahisi juu ya uso wake. Tia matone 2 au 3 ya salfeti ya shaba na viputo huongezeka papo hapo. Zinki huifukuza shaba, shaba hukaa vidoa vidoa juu ya zinki, na haidrojeni hupata uso rahisi wa kutokea huku zinki ikiendelea kuyeyuka pembeni.

Risasi iko juu ya haidrojeni, lakini kidogo tu, na ikikutana na asidi ya salfuriki hujivika salfeti ya risasi, chumvi isiyoyeyuka (kwa mkemia, chumvi ni kile kinachopatikana metali inapochukua nafasi ya haidrojeni ya asidi), kisha imekwisha. Kisa ni hicho hicho kwa vipande vya marumaru: ukitumia asidi ya salfuriki kutengeneza kabonidayoksaidi, viputo hutoka kwa nguvu kisha hufifia, kwa sababu salfeti ya kalsiamu huyeyuka kwa shida na hukaa juu ya jiwe. Mwanafunzi hufikiri asidi imekwisha na kuongeza nyingine bure. Mwaga, suuza, tumia asidi ya haidrokloriki, ambayo kloraidi yake ya kalsiamu huyeyuka na kuondoka njiani.

Asidi ya nitriki nashauri iondolewe kabisa kwenye majaribio ya mfululizo. Haitoi haidrojeni ila kwa magnesiamu na ikiwa imezimuliwa mno. Kwa metali nyingine hutoa oksaidi za naitrojeni. Ikiwa imekolea huila shaba na kutoa gesi ya kahawia yenye sumu, na mwanafunzi huhitimisha kwamba shaba imepanda juu ya haidrojeni. Haijapanda. Hapo kinachochukua elektroni za shaba ni nitreti, si ayoni za haidrojeni. Asidi hiyo hiyo ikikolea huifanya chuma ikae bila kuliwa, kwa kuivika ganda la oksaidi.

Kwenye kuhamishana, yaani metali ya juu kuifukuza ya chini kutoka kwenye chumvi yake, jaribio linalopendwa ni msumari kwenye salfeti ya shaba. Mililita 10 za mmumunyo wa moli 0.2 kwa lita zinatosha, msumari upigwe msasa, nusu uzame nusu ubaki nje ili mpaka uonekane. Sehemu iliyozama huwa nyekundu-kahawia ndani ya dakika chache. Rangi ya buluu haiondoki mbele ya macho ya darasa, inataka muda mrefu, kwa hiyo andaa jingine siku moja kabla. Kagua pia misumari: mingine imepakwa zinki, na hapo unachokiona si chuma dhidi ya shaba hata kidogo.

Unga wa zinki kwenye salfeti ya shaba unafaa zaidi kwa kupima joto. Mililita 25 za moli 0.2 kwa lita kwenye kikombe cha plastiki ya povu, gramu 1 ya unga wa zinki, koroga bila kuacha. Hesabu inatoa kupanda kwa nyuzi 10 hivi. Ukipata 8 au 9 joto lililobaki limekwenda kwenye kikombe na hewani. Hapa tazama mashapo kwa makini. Shaba inayotoka upesi huwa chembe ndogo mno na huonekana nyeusi, si nyekundu. Wengi huandika kwamba kaboni imetokea, au oksaidi ya shaba. Acha itulie, imwage maji, isugue kidogo kwa kijiti cha kioo, na wekundu hujitokeza. Magnesiamu nayo ndani ya salfeti ya shaba hutoa viputo, jambo linalowashangaza waliofundishwa kwamba kuhamishana hakuna gesi: mmumunyo wa salfeti ya shaba una uasidi kidogo wa asili, na magnesiamu haiuachi upite.

Uasidi huo wa asili una maana kubwa tunapofika kwenye kutengeneza chumvi. Njia ya kutengeneza chumvi huchaguliwa kwa maswali mawili: je, chumvi yenyewe inayeyuka kwenye maji? Na je, kile unachokichanganya na asidi kinayeyuka? Chumvi ikiwa haiyeyuki, changanya mimumunyo miwili na kuchuja mashapo. Chumvi ikiyeyuka lakini besi (oksaidi au haidroksaidi inayozima asidi), kaboneti au metali haiyeyuki, tumia ziada ya kigumu hicho. Vyote vikiyeyuka, kama kloraidi ya sodiamu, huna kitu cha kuchuja, basi inabidi upime kwa bureti, mrija mrefu wenye alama na bomba chini.

Salfeti ya shaba ni mfano wa njia ya ziada, na ndiyo inayostahili kufanywa polepole. Metali ya shaba haifai, iko chini ya haidrojeni. Tumia oksaidi ya shaba, ule unga mweusi. Chukua mililita 25 za asidi ya salfuriki ya moli 1 kwa lita na uipashe hadi nyuzi 60 au 70, isichemke. Ikiwa baridi, unga huyeyuka kwa uvivu, mwanafunzi huona umebaki chini na kudhani ziada imefika, kumbe asidi bado imejaa. Tia unga kidogo kidogo huku unakoroga. Gramu 2 ndizo zinazoliwa na asidi hiyo, kwa hiyo andaa 2.5 au 3. Ziada imefika pale unga unapobaki mweusi baada ya kukorogwa kwenye joto kwa dakika 2 bila kupungua. Usipime kwa litimasi, ile karatasi inayobadili rangi kwenye asidi. Salfeti ya shaba iliyo safi kabisa, kwa uasidi wake wa asili, hugeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu, na mwanafunzi anayeiamini litimasi ataongeza unga mpaka chupa iishe.

Kwa nini ziada iwe ya unga na si ya asidi? Kwa sababu unga unaobaki huzuiwa na karatasi ya kuchujia, lakini asidi inayobaki hupita pamoja na chumvi, na unapovukiza maji inazidi kukolea. Fuwele zitakuwa na unyevu usiokauka, zitatoboa karatasi unayozikaushia, na zitaunguza vidole.

Chuja ukiwa moto, la sivyo fuwele zitaanza kufanyika kwenye karatasi na kuziba faneli. Kisha vukiza kwenye kibakuli juu ya bika ya maji yanayochemka hadi ibaki mililita 10 hivi. Kujua wakati wa kuacha, chovya kijiti cha kioo, kitoe, kiache kipoe: fuwele ndogo zikitokea juu yake, zima moto. Funika kwa karatasi ya kuchujia na uache hadi kesho. Kupoa polepole huleta fuwele kubwa zenye pembe; ukiweka kwenye maji ya baridi utapata vumbi la buluu. Kwa hesabu zote ungetarajia gramu 6.2. Ukipata 3 au 4 umefanya kazi nzuri, nyingine imebaki kwenye maji yanayozizunguka fuwele, kwa kuwa hata maji baridi hubeba kiasi chake. Zikaushe kati ya karatasi mbili bila moto. Anayevukiza hadi kukauka hupata unga mweupe, maana maji yaliyo ndani ya fuwele nayo yamefukuzwa. Tone moja la maji huurudisha ubuluu wake, na huwa wa moto kweli.

Ukitumia kaboneti ya shaba badala ya oksaidi, hakuna haja ya kupasha mwanzoni, lakini chukua bika yenye nafasi mara nne ya asidi, kwa ajili ya povu.

Kabla ya bureti, neno kuhusu kuandaa mimumunyo, kwa sababu hapa watu huumia. Asidi ya salfuriki ya chupa ina karibu moli 18 kwa lita. Kupata lita moja ya moli 1, pima mililita 55 au 56, zimimine taratibu kwenye mililita 500 za maji huku ukikoroga, iache ipoe, kisha jaza maji hadi lita. Asidi huenda kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi: tone la maji juu ya asidi nzito huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Haidroksaidi ya sodiamu, gramu 40 kwa lita ya moli 1, nayo huwa ya moto ikiyeyuka, na jichoni ni mbaya kuliko asidi nyingi kwa sababu huzama ndani ya tishu. Miwani ya kinga si ya hiari. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusimama, kisha kwa daktari. Usijaribu kuizima kwa asidi.

Kwa kloraidi ya sodiamu, vuta kwa pipeti mililita 25.0 za haidroksaidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, tia matone 2 au 3 ya fenoliftalini, kionyeshi kilicho cha waridi kwenye alkali, na udondoshe asidi ya haidrokloriki ya ukolevu huo huo kutoka kwenye bureti hadi rangi ya waridi ipotee. Bureti huoshwa kwa asidi itakayokaa humo, pipeti kwa alkali, lakini flaski kwa maji yaliyokenekwa tu. Ukiiosha flaski kwa alkali umeongeza alkali usiyoipima. Ondoa faneli juu ya bureti, maana tone linaloning'inia humo huanguka baadaye. Angalia kiputo cha hewa chini ya bomba la bureti. Majibu mawili yasitofautiane kwa zaidi ya mililita 0.1. Ukishajua ujazo, rudia bila fenoliftalini na uvukize. Ikiwa rangi ya waridi ya alkali inafifia yenyewe kwenye flaski iliyosimama, hujakosea kupima. Ni kabonidayoksaidi ya hewani inayoingia.

Bureti hii hii ndiyo inayotenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila mara: nguvu ya asidi na ukolevu wake. Kipimo cha pH, ambacho namba yake hupungua uasidi unapozidi, alichokianzisha Søren Sørensen jijini Copenhagen mwaka 1909, huipa asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita namba 1, na asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, yenye ukolevu huo huo, karibu 2.9. Utepe wa magnesiamu hutoa viputo kwa uvivu kwenye ya pili. Lakini mililita 25 za kila moja huhitaji ujazo ule ule wa haidroksaidi ya sodiamu kuzimwa. Molekuli chache za asidi ya ethanoiki ndizo zimeachia haidrojeni yake kwa wakati mmoja, ila alkali inapozimaliza hizo, nyingine huachia, mpaka ya mwisho. Kwa asidi dhaifu tumia fenoliftalini, si methili ya chungwa, kionyeshi kingine, ambayo hugeuka mapema na kukupa jibu la uongo.

Chumvi zisizoyeyuka ni kazi ya dakika chache. Changanya mililita 20 za kloraidi ya kalsiamu na mililita 20 za kaboneti ya sodiamu, zote za moli 0.5 kwa lita, na utapata gramu 1 ya kaboneti ya kalsiamu. Ichuje na kuiosha kwenye faneli mara 3 kwa maji. Hapa unaweza kuosha bila woga, wakati fuwele za salfeti ya shaba zingekwenda na maji. Asiyeosha atapima zaidi ya gramu 1 na kufurahi, kumbe amepima na chumvi ya mezani iliyobaki kati ya chembe.

Mwishowe vipimo vya ayoni, ambako mkono mzito huharibu kila kitu. Haidroksaidi ya sodiamu hutiwa tone kwa tone. Shaba hutoa mashapo ya buluu, chuma ya hali ya 2 (iliyopoteza elektroni 2) kijani kichafu kinachogeuka kahawia juu kabisa kinapogusana na hewa, chuma ya hali ya 3 kahawia-nyekundu tangu mwanzo. Zinki na alumini hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka tena kwenye ziada. Anayemimina kwa mkupuo huyapita bila kuyaona na kuandika kwamba hakuna kitu. Ili kuzitenganisha tumia amonia: mashapo ya zinki huyeyuka kwenye ziada yake, ya alumini hubaki.

Kloraidi hupimwa kwa nitreti ya fedha, lakini tia kwanza asidi ya nitriki iliyozimuliwa ili kuondoa kaboneti, ambayo nayo hutoa mashapo na fedha. Ukitumia asidi ya haidrokloriki badala yake, umeingiza mwenyewe kloraidi unayoitafuta. Kwa salfeti mambo hugeuka: asidi ya haidrokloriki, kisha kloraidi ya bariamu, na mashapo meupe yasiyoyeyuka. Tyubu za kipimo cha fedha zisuuzwe mwisho kwa maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji ya bomba kwa kawaida yana kloraidi yake, na tone lililobaki ndani litampa mwanafunzi anayefuata ukungu mweupe kwenye sampuli isiyo na kloraidi yoyote.